Mukau na Yule Mwingine

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Mitungi sita kutoka mtoni. Punda amekataa safari ya saba na sikumlaumu. Mchanga umekauka, sasa tunachimba mpaka kifuani ndipo maji yaonekane. Zamu ya leo ilikuwa ya Rael. Hakuja. Nimemwagilia kitalu chote peke yangu.

Miche iliyo hai: mia nne na kumi na miwili. Jumamosi ilikuwa mia nne ishirini na mitatu. Inalala shingo tu, ghafla, kama mtu aliyesinzia kanisani.

Asubuhi nimefagia boma la mbuzi na kuokota kokwa. Mbuzi wanakula tunda la mukau na kutema kokwa, kazi nusu wanatufanyia wao. Nusu iliyobaki ni ya kisu. Kupasua bila kukata mbegu iliyo ndani. Nimejikata kidole tena. Katika mbegu kumi zinaota mbili, zikiota. Sijui kwa nini Mungu aliumba mti mzuri hivi halafu akaufungia ndani ya jiwe.

Mradi unataka miche elfu moja kabla ya mvua ya Novemba.

Bwana Kimeu wa ofisi ya misitu anakuja Alhamisi.

Alhamisi, 9 Agosti

Amekuja saa nne na pikipiki ya ofisi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kikundi chote kilikuwepo, akina mama kumi na wanne. Alikuwa amebeba matawi mawili, akayaweka kwenye gunia. Akauliza mukau ni upi. Tukasema yote mawili ni mukau. Akacheka.

Mmoja ni mukau wetu. Mwingine ni ndugu yake, ulitoka nje zamani, watu wanauita mukau wa Kizungu. Ndio ule wa makanisani na mashuleni, wenye maua ya zambarau na matunda madogo ya manjano yanayoning'inia hata majani yakiisha. Wetu maua yake ni meupe na tunda lake ni kubwa, kama kidole gumba. Mbao za wetu mchwa hawazigusi. Za yule mwingine wanazila. Mti ukiwa mkubwa hata mtoto hawezi kukosea. Shida ni ukiwa mche. Yote miwili majani yake yana meno pembeni, yote miwili inapendeza. Mtu anapanda, anangoja miaka kumi apate mbao za mlango, halafu anakuta alikuwa anangojea kitu kingine.

Akatuambia tufunge macho, tuguse. Mimi nilikuwa wa mwisho. Aliniwekea jani kwenye kiganja.

"Mama Kioko, huu ni upi?"

"Mukau."

"Umejuaje?"

"Uko na manyoya. Kama sikio la ndama."

Akasema hajawahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo. Wenzangu wakapiga makofi. Niko na miaka arobaini na sita na uso ulinichoma kama wa msichana wa kidato cha pili.

Jumapili, 12 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri.

Niandike tu. Hakuna anayesoma hapa. Nataka Alhamisi ifike. Mume wangu Mutiso amekufa mwaka wa sita huu na sikuwa nimetaka siku yoyote ifike upesi tangu tumzike. Nimepika, nimelima, nimefundisha watu wazima kusoma, gumbaru, mpaka darasa likafungwa, nimeoza binti, Kioko amepata kazi Athi River. Yote hayo niliyafanya vizuri. Sikuyangojea.

Mwaitu alibaki na mimi mwanawe alipofariki, hakwenda kwa watoto wake wengine. Ni mama mkwe lakini mimi humwita Mwaitu tu, mama. Leo tukitoa maganda ya maharagwe ameuliza, "Yule wa miti, siku zake ni zipi?" Nikasema Alhamisi. Akaendelea na maharagwe.

Jumatano, 29 Agosti

Mia tatu na themanini.

Bwana Kimeu alituma barua kwamba wakubwa wake wanauliza. Kikundi kisipofika elfu, kitalu kitahamishiwa Kangundo, kwa kikundi kingine chenye maji ya bomba. Yeye pia atakuwa akienda huko Alhamisi.

Nimesoma hiyo barua mara tatu. Ya maji ya bomba sikuiona hata.

Jumamosi, 15 Septemba

Rael amefika na mkokoteni wa punda, anaimba. Miche mia sita na hamsini! Na yetu, imepita elfu. Dada yake anaishi Kangundo, karibu na kanisa. Chini ya miti ya kanisa imejiotea yenyewe, imesongamana kama nyasi, padri alisema waitoe yote wakitaka. Rael alilala huko siku mbili akiing'oa na mchanga wake, akaifunga kwa majani ya ndizi, hakuna hata mmoja ulionyauka. Mikono yake imechubuka. "Mukau, Mama Kioko! Mukau mtupu!" Wanawake walimbeba juu.

Rael si mwongo. Siku ya mafunzo alifunga macho kama sisi na akakosea mara zote mbili. Anaamini.

Mimi nilichukua mche mmoja nikaenda nyuma ya choo. Nikafunga macho. Laini. Laini kama karatasi ya daftari.

Nilirudi nikasema tuanze kujaza mifuko ya nailoni kabla jua halijawa kali.

Jumatatu, 17 Septemba

Nimeigusa tena, mingi. Labda manyoya huota baadaye. Labda ni udongo wa Kangundo. Labda.

Hapana. Najua.

Alhamisi, 20 Septemba

Aliona kitalu kimejaa akasimama tu, mikono kiunoni. Kisha akacheka kwa sauti, mbuzi wakashtuka.

Akaanza kukagua kutoka juu. Tuta la kwanza, la pili, la tatu. Anainama, anagusa, anaandika. Hayo ni yetu, ya kisu na vidole vyenye majeraha, hayana neno. Alipofika karibu na matuta ya chini nikamwita. Nikasema chai itapoa. Akatazama matuta ya chini, akanitazama mimi.

"Hiyo miche mmepata wapi?"

"Tumeongeza."

Sikusema mukau. Nilisema tumeongeza.

"Kama ni wewe umeishughulikia sina haja ya kukagua," akasema. Akatia sahihi fomu kwenye goti lake, akaja kunywa chai.

Mwaitu alimpa kiti chenye mgongo.

Ijumaa, 21 Septemba

Nina aibu. Nina furaha. Ziko pamoja na hazipigani, hilo ndilo linanitisha.

Alhamisi, 18 Oktoba

Mawingu upande wa Yatta. Bado.

Leo amekaa mpaka saa tisa. Hakukuwa na kazi ya kumkalisha. Ameniambia juu ya mkewe, aliyefariki tisini na saba, figo. Kwamba kwake Tala jikoni kuna sufuria tatu na yeye hutumia moja. Kwamba wakati mwingine hupita na pikipiki barabara ya huku bila sababu, akifika njia panda anageuka. Alisema hayo akiangalia kuku.

Halafu akauliza kama anaweza kuja siku isiyo ya miti. Jumapili moja, mvua ikishanyesha na miche ikishatoka.

Nikasema anaweza.

Akiondoka nilisimama pale nikisikia pikipiki mpaka ng'ambo ya mto. Kisha nikaenda matuta ya chini. Miche yake imekuwa mirefu kuliko yetu. Imependeza, inang'aa. Nilitaka kuikanyaga.

Alhamisi, 8 Novemba

Mvua siku tatu. Leo tumegawa.

Watu walikuja tangu alfajiri, na mikokoteni, na karai, na beseni za kuogea watoto. Mashamba thelathini na moja yameandikishwa. Rael alikuwa anagawa, mimi naandika majina. Miche imechanganywa kwenye masanduku, ya juu na ya chini pamoja, mimi niliona ikichanganywa.

Nduku alichukua thelathini. Huyu ameolewa juzi tu hapa juu, ana mtoto mgongoni wa miezi minne. Akaniambia amehesabu: mtoto huyu akiwa kijana wa kujenga nyumba yake, miti itakuwa tayari, atakata milango, madirisha, mpaka kitanda. Alikuwa anaongea na mimi lakini anamtikisa mtoto, kama anamwahidi yeye.

Niliandika: Nduku, 30.

Bwana Kimeu alikuwa chini ya mwavuli akisalimia watu. Aliniona nikimwangalia, akatabasamu. Nilishindwa kumrudishia tabasamu.

Jumapili, 25 Novemba

Amekuja. Shati jeupe, viatu amevipangusa na majani hapo mlangoni. Ameleta sukari na majani ya chai kama desturi, akampa Mwaitu kwa mikono miwili. Mwaitu alikuwa amechinja jogoo bila kuniuliza.

Tulikula. Mwaitu akasema anaenda kuona mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa hapo hapo dirishani.

Kimeu akaanza kuongea na nikajua anaelekea wapi. Alisema hana haraka. Alisema watoto wake wakubwa wanajua jina langu. Nilikuwa nimengojea maneno hayo tangu Agosti, nilikuwa nimeyasikia kichwani kila nikichota maji, na yalipokuja sikuweza kuyapokea. Ningekuwa nimeyapata kwa wizi.

Nikamwambia, "Miche ya matuta ya chini si mukau."

Akaweka kikombe chini. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nilijua siku inaletwa. Niliigusa."

"Siku nimetia sahihi ulijua."

"Nilijua."

Kisha akasema, "Kwa nini, Beatrice?" Hakuwa amewahi kuniita jina langu.

"Nilitaka uendelee kuja."

Aliangalia mlango. Nilidhani atapiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Ningekuja hata ingekuwa mia mbili," akasema.

Akachukua kofia ya pikipiki. Akamuaga Mwaitu kwa heshima zote, kwa Kikamba, akamshukuru kwa jogoo. Akaondoka.

Mwaitu alitoa vyombo.

Jumatano, 28 Novemba

Nimewaambia kikundi. Nilisimama, sikukaa. Nilisema Rael hakujua, mimi nilijua.

Rael alinitukana mbele ya wote na alikuwa na haki. Alisema nilimwacha abebwe juu kama bibi harusi kwa kitu ninachojua ni bure. Alisema alilala kwenye sakafu ya dada yake siku mbili. Alilia.

Nimesema nitaenda shamba kwa shamba nitoe miche isiyofaa. Hakuna aliyesema atakuja na mimi.

Jumatatu, 3 Desemba

Mashamba manne. Natoa salamu, naeleza, naomba ruhusa, nagusa kila mche, nang'oa. Mgongo umekufa. Mtu mmoja amenifukuza na panga, si kwa kunikata, kwa kuonyesha njia. Nitarudi kwake.

Kwa Nduku. Kila mche ameuzungushia miiba, ameujengea kakivuli ka matawi. Thelathini yote imeshika. Nilimshika mkono nikamwekea jani moja, halafu jingine. Akagusa. Akagusa tena. Aliuliza mingapi. Tukahesabu pamoja: kumi na tisa si yenyewe.

"Si ni wewe ulinipa?" akasema.

"Ni mimi."

Aliondoa miiba mwenyewe, polepole, asijichome. Mitatu alikataa ning'oe, iliyo karibu na jiko. Alisema mtoto atahitaji kivuli na kivuli hakiulizi jina. Nilimwambia msimu ujao nitamletea kumi na tisa ya kweli, nitaibeba kwa kichwa. Alinipa maji ya kunywa.

Alhamisi, 6 Desemba

Shamba la kumi na mbili, mlimani. Nilisikia pikipiki, nikasema moyoni ni mtu mwingine. Ni yeye.

Hakunisalimia kwa mkono. Alivua koti akachukua mstari wa juu, mimi wa chini. Tulifanya kazi hivyo mpaka saa nane. Maneno yetu yalikuwa haya tu:

"Huu?"

"Wa Kizungu."

"Huu?"

"Mukau. Uache."

Mara moja mimi nilikosea, akanisahihisha. Mara moja yeye alikosea, nikamsahihisha.

Mwishoni nilimmiminia maji anawe mikono. Ana kovu kwenye kifundo, sikuwa nimeliona. Nilimimina polepole kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 14 Desemba

Shamba la mwisho. Rael alikuja leo. Alichukua jembe, akanipita, akaanza. Yule wa panga alikubali kwa sababu Rael ni binamu yake.

Tumeng'oa mia sita na kumi na mmoja. Mingine ilikuwa imekufa yenyewe.

Alhamisi, 20 Desemba

Anahamishwa. Hola, kuanzia Januari. Amekuja kuniambia mwenyewe, hakutaka nisikie kwa watu.

Aliandika ripoti kwa mkono wake. Aliandika, "Sikukagua." Mimi hakunitaja. Nilimwambia nitaenda Machakos ofisini niseme ukweli. Akasema nisiende. Kumbe nilikuwa nimeshaenda jana, kabla hajafika, maana uvumi wa uhamisho ulishanifikia. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Mkubwa wake alinisikiliza mpaka mwisho, mtu mstaarabu, akasema, "Mama, sahihi ni ya mwenye kutia." Nikarudi.

Sikumwambia Kimeu hayo. Ama nilimwambia, kwa sababu nililia, na mimi silii.

Nilimuuliza kama ananichukia. Akasema hapana. Akasema tatizo lake ni kwamba kila akifikiria Alhamisi hizo zote hajui ni zipi zilikuwa za kweli. Nikasema zote. Akasema, "Najua. Lakini ni kama nimepewa fomu nyingine, nitie sahihi tena kwa kukuamini, na mkono unakataa. Unipe muda."

Sikumwomba asiende. Serikali ikishakuandikia, unaenda.

Nampenda. Nimeandika.

Alhamisi, 31 Januari 2002

Joto. Hakuna aliyekuja. Nimejiona nikipangusa kiti chenye mgongo.

Jumatano, 13 Machi

Barua kutoka Hola, imekaa njiani wiki tatu. Mistari sita. Joto la huko si la mchezo. Mto Tana ni mwekundu kama chai ya maziwa. Anafundisha watu kupanda miembe, hakuna wa kuchanganya mwembe na kitu kingine. Hapo nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Anauliza hali ya Mwaitu. Anauliza kama Nduku alipata miche yake.

Mwisho: likizo yake ni Agosti. Basi. Hakusema atapita. Hakusema hatapita.

Nimeisoma mara nyingi. Nimetafuta neno ambalo halimo.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepeleka kwa Nduku kumi na tisa, kwa kichwa, kama nilivyosema. Rael alibeba saba. Mtoto anakaa sasa, alitaka kula jani.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua ya usiku imekatika asubuhi. Hakuna upepo. Tumetoka kanisani mapema, padri ana homa.

Nimekaa mlangoni kumjibu. Mambo mengi yameandikika kwa urahisi: Nduku, Rael, kitalu kiko na mia mbili na tisini na hatujali ni ngapi, hakuna aliyekuja kutuhamisha. Nimeandika kwamba simlazimishi chochote. Nimeandika kwamba Agosti nitakuwa hapa, na Septemba pia. Hayo ni kweli, niliyapima moja moja kabla ya kuyaweka.

Kilichonishinda ni pale juu. Bwana Kimeu, hapana. Mpendwa, siwezi, sijapewa ruhusa. Jina lake la kwanza sijawahi kulitamka mdomoni. Nimeacha nafasi.

Mwaitu alikuwa amekaa na kikapu chake kwenye jua, amenyoosha miguu. Akauliza kama nimemaliza. Nikasema bado neno moja na karatasi imebaki na nafasi chini pia.

Akasema, "Mwambie mbaazi zimetoa maua, Agosti tutavuna."

Nikaandika hivyo.